Nimechoka kuandika taarifa za saa nane usiku. Je, niende kuzitafiti?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, afisa uhusiano katika shirika moja kubwa linalotoa huduma kwa umma. Kazi hii nimeifanya kwa miaka tisa na kuipenda kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Nina shahada ya uzamili ya mawasiliano niliyoisoma jioni baada ya kazi. Mwaka huu niliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, na profesa mmoja amenijibu kwamba yuko tayari kunisimamia iwapo nitampelekea andiko la utafiti linaloeleweka kabla miezi mitatu haijaisha. Tangu nipate barua yake silali vizuri.

Nikueleze kilichonifikisha hapa. Miaka miwili iliyopita mfumo wetu wa huduma ulianguka kwa siku mbili, na wateja wengi wakapata hasara kwa kosa ambalo ndani ya ofisi tulijua kabisa kuwa ni letu, kwa kuwa mafundi walikuwa wametoa tahadhari na hazikufanyiwa kazi. Saa nane za usiku nilikuwa bado ofisini nikiandika taarifa kwa vyombo vya habari. Niliandika: “Tunawaomba radhi wateja wetu wote kwa hasara tuliyowasababishia.” Rasimu ikapita kwa mwanasheria, ikarudi inasomeka: “Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.” Tazama, mwalimu: hasara imekuwa usumbufu, na sisi tuliousababisha tumetoweka, usumbufu umejitokeza wenyewe. Nilibishana kwa dakika chache, nikashindwa, nikaituma. Asubuhi watu walitujia juu, lakini hadi leo sijui kama wangetujia juu kidogo zaidi au kidogo pungufu iwapo maneno yangu yangebaki. Mkuu wangu alisema hakuna tofauti. Mwanasheria alisema tofauti ipo, ila ni ya mahakamani. Hakuna kati yao aliyenionesha ushahidi, nami sikuwa nao.

Baada ya wiki tatu jambo likapoa na ofisi ikashika mengine. Ripoti niliyotakiwa kuandika ilikuwa ileile ya kila mwezi: tunakata habari zote zilizotutaja magazetini, tunapima kwa rula sentimita zilizochukua, tunazidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa huo, halafu tunamwambia mkurugenzi kwamba tumepata “thamani” ya kiasi fulani. Mwezi ule wa balaa thamani yetu ilizidi ya miezi mingine yote, kwa sababu magazeti yalitujaza kurasa za mbele. Niliiandika tarakimu ile huku naona aibu.

Nilipomweleza mkuu wangu nia ya kwenda kusoma, alicheka. Alisema wasomi wa uhusiano wa umma ni watu walioshindwa kazi wakakimbilia kuifundisha, kwamba nadharia zao hazijawahi kumfaa mtu yeyote saa nane za usiku, na kwamba nikirudi baada ya miaka minne nitakuta kiti changu kina mwenyewe. Mume wangu hapingi, ila ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: “Ukimaliza utakuwa nani?”

Yapo na mengine yanayonichanganya. Profesa anapendelea niandike “mawasiliano ya kimkakati” badala ya “uhusiano wa umma”, na amedokeza kuwa mada inayohusu akili mnemba ingepata ufadhili kwa urahisi zaidi. Halafu, nimehifadhi barua pepe na rasimu zote za usiku ule, na ningependa ziwe msingi wa utafiti wangu. Je, niende, au nibaki nipande cheo kama wenzangu?

Afisa wa Saa Nane

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikuombe radhi, na hapa nalitumia neno hilo kwa uzito wake: nimebadili maneno machache ya taarifa yako na kuondoa mambo mawili kabla ya barua kuchapishwa, maana mtu wa ofisini kwenu angeweza kuyatambua. Sababu zake utaziona mbele.

Nianze na mkuu wako, kwa kuwa huyo hanipi shida kumjibu. Taaluma hii haikuanza kwa watu walioshindwa kazi. Edward Bernays, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wake, alichapisha kitabu kuhusu maoni ya umma mwaka 1923 na mwaka huohuo akafundisha somo la uhusiano wa umma katika Chuo Kikuu cha New York, huku ofisi yake ikiendelea kupokea wateja. (Miaka sita baadaye mtu huyohuyo aliwapanga wanawake watembee katika gwaride la Pasaka mjini New York wakivuta sigara hadharani na kuziita mienge ya uhuru, kwa faida ya kampuni ya tumbaku iliyomlipa. Kwa hiyo sikupi habari zake ili umuige. Nakupa ili ujue kwamba darasa na ofisi vilizaliwa nyumba moja, pamoja na aibu zake.) Zaidi ya hayo, mkuu wako mwenyewe anakula chakula cha wasomi bila kujua kilipikwa jikoni kwa nani. Bila shaka umewahi kumsikia akisema, “Tulitangaze wenyewe kabla hawajatutangazia.” Ushauri huo umepimwa mara nyingi, na matokeo ya kawaida ni kwamba shirika linalosema balaa lake kabla ya kufichuliwa huaminiwa zaidi kuliko linalongoja. Wazo lenyewe lilihamia kwetu kutoka kwa wanasaikolojia waliokuwa wakichunguza kama wakili hufaidika akitaja mwenyewe udhaifu wa mteja wake kabla mpinzani hajautaja. Mwambie na mwanasheria wenu habari hiyo, ataipenda.

Lakini katika jambo moja mkuu wako ana haki. Hakuna nadharia itakayokuandikia taarifa saa nane za usiku. Utafiti unafanyika polepole kiasi kwamba majibu yake yatamfaa mtu mwingine, katika shirika jingine, katika usiku ambao haujafika. Kama huwezi kuridhika na hilo, usiende.

Nami naona unaweza, kwa sababu ya sentensi zile mbili. Barua yako ina mambo mengi, ya cheo, umri, profesa na mume, lakini palipo na moto ni hapo uliposema kuwa hadi leo hujui. Balaa lilipopoa wenzako wote walilisahau swali. Wewe umekaa nalo miaka miwili. Hilo ndilo ninalolitafuta kwa mtu anayetaka kusoma uzamivu, na silipati mara nyingi. Wengi hunijia wakiwa na hamu ya shahada na wakiomba niwatafutie swali.

Basi tulitazame swali lako, ili uone limekwisha kujibiwa kwa kiasi gani. Mwaka 1995 William Benoit, msomi wa mawasiliano, aliyapanga maneno ya watu na mashirika yaliyochafukiwa na jina katika mafungu matano: kukana, kukwepa wajibu, kupunguza uzito wa ubaya uliotendeka, kuahidi marekebisho, na kukiri na kuomba msamaha. Rasimu yako iliingia kwa mwanasheria ikiwa fungu la tano, ikatoka ikiwa mahali fulani kati ya la pili na la tatu. Timothy Coombs, msomi mwenzake, katika nadharia ya mawasiliano ya majanga aliyoanza kuijenga miaka ya 1990 na kuieleza kwa urefu mwaka 2007, aliuliza ni kwa kiasi gani watu wanalibebesha shirika lawama. Kuna majanga ambayo shirika lenyewe ni mhanga, kuna ya bahati mbaya, na kuna yale ambayo lingeweza kuyazuia. Kadiri lawama inavyokuwa nzito, ndivyo jibu linavyopaswa kuwaelekea waliodhurika na kukubali wajibu. Na shirika lenye historia ya makosa huhukumiwa kwa ukali zaidi hata pale kosa la sasa lilipo dogo.

Kwa kipimo hicho balaa lenu lilikuwa la aina ya tatu, na sentensi yako ndiyo iliyostahili. Ila soma tena kwa makini: nadharia inazungumzia lawama wanayoiona watu walio nje, na watu wa nje hawakujua kwamba mafundi walionya. Kwao huenda mfumo ulianguka kama mifumo inavyoanguka. Mtu mjanja anaweza kuisoma nadharia hiyohiyo akahitimisha kwamba tahadhari za mafundi zikifichwa vizuri, “tunasikitika” inatosha kabisa. Coombs mwenyewe anasisitiza kwamba wajibu wa kwanza wa shirika ni usalama na maelekezo kwa walioathirika, sifa baadaye. Hata hivyo pengo kati ya kile ofisi inachokijua na kile umma unachokiona bado lipo, na limejaa maswali. Wewe ulikuwa umesimama ndani ya pengo hilo usiku ule.

Liko na jambo la pili, na hapa nakuomba univumilie kwa kuwa ndilo ninalolipenda. Sehemu kubwa ya ushahidi tulio nao kuhusu kuomba msamaha kwa mashirika ilipatikana kwa Kiingereza, na mara nyingi kwa majaribio ambayo washiriki husoma habari ya shirika la kubuni kisha wakajaza dodoso. Sasa Kiingereza kina neno moja dogo, “sorry”, ambalo mtu hulitamka msibani na hulitamka vilevile akikukanyaga mguu. Sisi tuna “pole” kwa la kwanza na “samahani” kwa la pili. Ukimkanyaga mtu ukamwambia pole peke yake, atakutazama usoni, kwa sababu umejiweka upande wa mpita njia ilhali mguu ni wako. Juu ya samahani tuna kuomba radhi, ambako hakuishii kwa anayesema: radhi iko mikononi mwa aliyekosewa, anaweza kuitoa au kuizuia. Chini kabisa tuna “tunasikitika”, ambayo haimwombi mtu kitu chochote. Halafu sarufi yetu imejaa milango ya uani: “usumbufu uliojitokeza”, “hitilafu iliyotokea”, “kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu”. Vitenzi hivyo havina mtenda. Mwanasheria wenu hakubuni kitu usiku ule, alichukua fomula iliyokwisha kuiva.

Je, msomaji wa Kiswahili huisikia tofauti hiyo anapokuwa na hasira na amepoteza fedha? Au fomula imechakaa kiasi kwamba “tunaomba radhi” na “tunasikitika” zote humpita sikioni? Je, kuna siku ambayo “pole” ya dhati humfaa mteja kuliko radhi ya kunakili? Hayo yanaweza kutafitiwa. Unaweza kukusanya taarifa 150 au 200 ambazo mashirika yalizitoa hadharani, ukazichambua neno kwa neno. Unaweza kuwapa wasomaji matoleo mawili ya taarifa moja na kuona wanavyohukumu. Unaweza kukaa na watu waliowahi kupata hasara na kuwauliza walisikia nini. Kazi yako ya kwanza itakuwa kutafuta nani amekwisha kuligusa jambo hili na kwa lugha zipi, kwa maana si Kiswahili peke yake kinachotenganisha pole na samahani, na usije ukadhani umegundua kisima kumbe wenzako wanateka maji hapo siku zote.

Sasa zile barua pepe. Hapana, mwanangu. Ulizipata ukiwa mtumishi, ni za shirika, na naamini mkataba wako wa ajira una kifungu cha kutunza siri. Kamati yoyote ya maadili ya utafiti itakuuliza ni nani aliyekuruhusu kuzitumia, na mwanasheria yule hajaridhia kuwa mfano katika tasnifu yako. Hata ukipata ruhusa ya maandishi kutoka kwa uongozi, bado wenzako walio chini yako hawatakuwa huru kukukatalia mahojiano. Na lipo la undani zaidi, nalo nitalisema wazi kwa sababu sikujui na huwezi kuninunia: unataka kumshinda mwanasheria. Ulishindwa saa nane za usiku na ungependa kushinda kwa kurasa 300. Siku data zako zikionesha kwamba maneno hayana tofauti na kwamba mkuu wako alikuwa sahihi, utaweza kuandika hivyo bila kutafuta kichaka? Ukianza na taarifa za mashirika usiyoyafahamu, jaribu hilo litapungua. Zile rasimu zirudishe zinakotakiwa kukaa.

Kuhusu jina la fani, nisingepoteza usingizi. Mwaka 2007, katika toleo la kwanza la jarida la International Journal of Strategic Communication, waandishi watano waliyaeleza mawasiliano ya kimkakati kuwa ni matumizi ya mawasiliano kwa makusudi ili shirika litimize azma yake. Tafsiri hiyo inachukua uhusiano wa umma, masoko, mawasiliano ya ndani, kampeni za afya na mengineyo, na kuyaweka chini ya paa moja. Uhusiano wa umma una ukoo wake mwenyewe. James Grunig na Todd Hunt, mwaka 1984, walieleza mifano minne ya namna mashirika yanavyosema na umma, kuanzia kutafuta kutajwa tu hadi mazungumzo ya pande mbili yaliyo sawia. Na utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1985, chini ya uongozi wa Grunig, ulichunguza zaidi ya mashirika 300 ya Marekani, Kanada na Uingereza. Mojawapo ya mambo uliyosisitiza ni kwamba mtu wa mawasiliano hana msaada mkubwa kama hayupo kwenye meza inapofanyika maamuzi. Fikiria usiku wako: ulikuwa mwandishi wa rasimu, meza ilikuwa chumba kingine. Wapo wahakiki, Jacquie L'Etang akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, waliouliza kama usawia huo unawezekana kweli pale upande mmoja una fedha zote na wanasheria na mwingine una simu yenye salio dogo. Ukiniuliza mimi, swali lako liko karibu zaidi na ukoo huu wa pili, lakini profesa akitaka neno “kimkakati” kwenye kichwa cha tasnifu, mpe. Wasomi nao wana taswira ya kutunza. Jina la uhusiano wa umma limebeba lawama nyingi, na ukiona idara zinajibatiza upya, jua kwamba na wao wanafanya kazi uliyokuwa ukiifanya wewe.

Akili mnemba ni suala jingine. Kama ingetokea kwenye swali lako lenyewe, kwa mfano taarifa za kuomba radhi zinazoandikwa na programu na kama wasomaji huzitambua, ningesema sawa. Kuibandika ili upate fedha ni kujifunga miaka minne na jambo usilolipenda, na kufikia mwaka wa tatu hata ambalo ni lako halisi utakuwa umelichoka. Mweleze profesa kwa adabu kwa nini swali lako ni la lugha. Jibu lake litakuonesha kama ni msimamizi wako au ni msimamizi wa miradi yake. Kabla ya hapo soma makala zake tatu za karibuni, na uombe kuzungumza na wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja ambaye bado. Uwaulize jambo moja tu: huwarudishia sura za tasnifu baada ya muda gani.

Nikuelezee kitu ambacho hakimo kwenye barua yako, kwa kuwa ndicho kitakachokutesa kuliko umri. Miaka tisa umefunzwa kuandika sentensi inayofunga maswali. Huku utatakiwa kuyafungua. “Kampeni ilipokelewa vizuri na wadau” ni sentensi halali ofisini. Kwetu itarudi imezungukwa na wino mwekundu: wadau gani, wangapi, nani aliwauliza, lini, na walilinganishwa na nani? Makala unayoipeleka kwa jarida kama Public Relations Review, linalotoka tangu mwaka 1975, husomwa na wahakiki wasiojua jina lako, na maoni yao hurudi baada ya miezi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa makala yenye kurasa sita za maoni, na mhakiki mmoja aliandika kwamba sehemu yangu ya pili inasomeka kama taarifa kwa vyombo vya habari. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya nikaona alikuwa amenistahi.

Mumeo ameuliza utakuwa nani. Swali lake ni zuri, na mtu asikudanganye. Unaweza kuwa mhadhiri, na sehemu kubwa ya juma lako itakwenda kwenye kufundisha, kusahihisha na vikao, utafiti ukipewa kilichobaki. Unaweza kuwa mtafiti kwenye taasisi au kuongoza kitengo cha utafiti katika kampuni ya ushauri wa mawasiliano. Unaweza kurudi ofisini ukiwa na hoja ambazo mwanasheria hatazifuta kwa dakika tano. Lakini nafasi za kudumu vyuoni ni chache kuliko wanaozitafuta, nyingi huanza kwa mikataba mifupi, na kwa miaka mitatu hadi mitano mapato yako huenda yakashuka chini ya unachopata sasa. Kaeni wawili mhesabu kabla ya jambo jingine lolote: ni miaka mingapi nyumba inaweza kwenda kwa mshahara mmoja na nusu? Umri wenyewe si kikwazo. Watakaokufundisha takwimu watakuwa wadogo wako na watakuita dada, basi.

Kwa hiyo nenda, ila usijiuzulu kwanza. Uliza kama chuo kinapokea wanafunzi wa muda wa nusu, na uombe likizo ya masomo bila malipo mwezi huu huu, maana barua za namna hiyo hukaa sana mezani. Kabla hujaondoka, fanya jaribio moja palepale ulipo. Mwaka 2010 wataalamu wa upimaji wa mawasiliano waliokutana Barcelona walikubaliana kanuni saba, na mojawapo ilisema bayana kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Rula yenu ina zaidi ya muongo mzima imepitwa na wakati. Mwezi ujao andika ripoti ya kawaida, kisha uambatishe ukurasa mmoja wa ziada: zungumza na wateja 30, kwa ruhusa ya mkuu wako, uwaulize walisikia nini kutoka kwenu mwezi huo na walifanya nini baada ya kusikia. Utajua mambo mawili kwa mpigo, kama uongozi wenu uko tayari kusikia habari isiyopendeza, na kama wewe unafurahia kukaa na majibu 30 yasiyokubaliana. Kama la pili litakuchosha ndani ya juma moja, niandikie tena na tutazungumza habari za kupanda cheo, ambako hakuna aibu yoyote.

Andiko la profesa lisizidi kurasa nne. Juu ya ukurasa wa kwanza weka taarifa mbili zilizokwisha kuchapishwa na mashirika mengine, moja inayoomba radhi na moja inayosikitika, na chini yake ueleze kwa aya moja unachotaka kujua. Mapitio ya machapisho yafuate baadaye, usiyatangulize, kwa sababu profesa mwenye wanafunzi wengi husoma ukurasa wa kwanza akiwa na kikombe mkononi na wa pili akiwa ameshaamua. Mpelekee rasimu mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho, ili apate nafasi ya kuikataa nawe upate nafasi ya kuiandika upya.